Vumbi la Angani na Kaburi Nyuma ya Jiko

Dada yangu aliponiambia anataka kuzikwa kando ya mama, nilimjibu hapo hapo kwamba kaburi la mama halipo.

"Halipo limekwenda wapi?" akaniuliza. "Limepanda basi?"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya mwanawe, huko Mbekenyera, anachambua kunde kwa vidole maana macho yalishaingia ukungu. Kunde mbovu alizitambua kwa kuzipapasa na kuzitupia kuku bila kukosea.

"Nilipita kule nilipokuwa natafuta shamba," nikamwambia. "Ni pori, dada. Hakuna jiwe, hakuna alama."

"Ulitazama kwa macho ya mtu anayetafuta shamba. Kaburi lipo nyuma ya jiko, upande wa machweo. Jembe lake liko kichwani. Nenda katafute."

"Na mume wako je? Si amezikwa hapa hapa? Watu watasema nini?"

"Wakwe zangu nimewapikia tangu nina meno yote mpaka sasa nina mawili. Ukinizika katikati yao wataamka waniulize chai. Mimi nataka kulala kwa mama. Na usichelewe, miguu yangu hii si ya kusubiri msimu mwingine."

Hayo ndiyo yaliyonipeleka kutafuta kaburi, na ndiyo yaliyonifanya mtu kama mimi nikae kusikiliza habari za vumbi linalotoka nje ya dunia.

Mama alifariki nikiwa katika umri wa kubebwa mgongoni lakini nimeshaanza kukataa kubebwa. Sura yake siikumbuki, wala sijifanyi kuikumbuka. Wapo watu wakizeeka wanaanza kukumbuka na siku waliyozaliwa; mimi si mmoja wao. Baada ya matanga mjomba alikuja akanichukua nikakae naye Nachingwea, kama desturi yetu ilivyo kwamba mtoto ni wa upande wa mama. Dada alibaki kule kwetu jirani na mto Mbwemkuru, akalelewa na bibi mpaka akaolewa. Wakati wa vijiji vya ujamaa watu wote wa pale walihamishwa. Nyumba zikaachwa zidondoke zenyewe. Hivyo pale pakawa mahame, na mimi sikuwepo, sikuona mwisho wake.

Shule nilifika darasa la tatu. Mjomba hakuwa na hela na mimi sikuwa na hamu, tukakubaliana. Nilichota maji ya watu, nilibeba magunia, nilisukuma baiskeli za mizigo. Kilichonitoa ni salfa. Mtu asiye wa huku huenda hajui. Mkorosho ukitoa maua unashambuliwa na ubwiri, ugonjwa mweupe kama unga, na dawa yake ni salfa, nayo ni unga wa njano. Unavaa mashine mgongoni, unaingia shambani alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, unapuliza. Unga unapanda juu ya mti kama moshi, halafu unashuka polepole na kushika kwenye unyevu. Nilianza kwa kupulizia mikorosho ya wengine. Macho yaliwasha, mate yaliuma kooni, nguo zilinuka mpaka watoto wanakimbia. Nikanunua mashine yangu, baadaye shamba langu, baadaye jingine. Sikurithi hata kijiko. Hilo nalisema kwa sauti popote, na nyumba yangu ya Nandagala ni ushahidi: ya tofali za kuchoma, bati jipya mpaka jikoni, gata kuizunguka yote, na tangi la kukinga maji ya mvua.

Nimeieleza salfa kwa sababu mtu aliyepuliza unga juu ya miti miaka yote hiyo ana haki ya kusema analijua vumbi. Najua linavyopanda na linavyotua. Najua mfuko mmoja unafunika miti mingapi na unaisha wapi. Binti yangu alipokuja kunifundisha habari za vumbi, hakumkuta mjinga.

Lakini kwanza nilikwenda mwenyewe kutafuta kaburi. Nilipanda bodaboda hadi njia ilipoishia, nikaingia na panga na jembe. Nikakuta majani marefu kuliko mimi, miti michanga, na vilima viwili vitatu vidogo visivyofika gotini. Dada alisema nyuma ya jiko. Jiko lenyewe liko wapi? Nyumba ya udongo ikidondoka na mvua ikaipiga, inarudi kuwa ardhi, hujui ukuta ulikuwa upi na shamba lilikuwa lipi.

Nikawaza: ardhi imepanda. Alama zimefunikwa. Nikachagua palipoinuka zaidi, kwa kuwa kaburi nalo huinuliwa, nikachimba. Sikutaka kumgusa mama, Mungu apishe mbali. Nilichotaka ni jembe tu. Kwetu wakati ule mwanamke mkulima akifa, jembe lake lilitolewa mpini, likapigwa jiwe mpaka likapinda ili asije mtu akalichukua akalilimia, kisha likachomekwa kichwani mwa kaburi. Ndiyo alama aliyoisema dada. Nilichimba nikapata majivu, vigae vya vyungu na makaka ya konokono. Nikaendelea chini, majivu tena. Nikahamia kilima kingine, mambo yale yale. Kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyoamini kwamba nchi imefukiwa kwa kina, na jembe la mama liko huko chini nisikofika.

Nilimpelekea dada majibu hayo. Akaendelea na kunde zake. Halafu akasema, "Basi mnizike kwa wakwe, nikawapikie." Hakuongeza neno. Dada yangu ni mtu wa maneno mengi. Alipokosa la kuongeza nilijua limemwingia.

Shule zilipofungwa, binti yangu alikuja kutoka Nachingwea. Anafundisha sayansi sekondari. Aliingia na begi moja, akanisalimia, akanywa maji, akatazama juu.

"Baba, naomba nipande juu ya nyumba."

"Kufanya nini?"

"Kufagia."

"Bati halifagiwi. Linafagiwa na mvua."

"Ndiyo maana nataka gata. Mvua inapeleka kila kitu kwenye gata."

"Unataka nini kwenye gata langu?"

"Vumbi."

Nikamwonyesha barabara. Lilikuwa limepita lori la mizigo na nyumba za ng'ambo hazionekani. "Vumbi lote lile hulitaki, mpaka la juu ya bati langu?"

"Lile limetoka chini, baba. Mimi natafuta lililotoka juu kabisa. Nje ya dunia."

Nilifikiri ananitania. Nyumba hii hakuna anayepanda juu yake ila fundi, naye nasimama chini namtazama miguu. Lakini huyu nilimsomesha mwenyewe kwa korosho, na tabia yangu ya kung'ang'ania ameirithi yote. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamshikia ngazi.

"Usikanyage katikati ya bati! Kanyaga penye msumari!"

"Nakanyaga penye msumari, baba."

"Ukitoboa, mshahara wako mwezi huu ni wangu."

"Mshahara wangu huutaki, utakucheka."

Alishuka na ndoo ya matope. Mlikuwa na majani, mavi ya mijusi, mchanga mwekundu wa barabara, na njano ya salfa iliyopeperuka kutoka mashamba ya jirani. Akayaosha kwenye beseni, akamwaga maji machafu, akarudia mpaka kikabaki kichanga kidogo. Kisha akaniomba sumaku. Nilikuwa na redio ya zamani iliyokufa; akaing'oa spika yake, akatoa sumaku, akaivingirisha kwenye mfuko wa plastiki, akaipitisha juu ya kile kichanga. Ikatoka na manyoya meusi. Akiitoa sumaku mfukoni, manyoya yanadondoka kwenye karatasi kama ufuta uliotwangwa.

"Hii ndiyo ya huko nje?" nikamuuliza.

"Nyingi siyo. Nyingi ni kutu ya misumari yako, na chuma kilichomo kwenye mchanga wenyewe. Ya nje ikiwemo humu ni chembe moja, labda mbili. Inakuwa mviringo kabisa, kama kijipira, kwa sababu ilipoingia kwenye hewa iliyeyuka kwa joto ikaganda tena. Kwa macho huioni vizuri. Nitaitafuta kwa hadubini ya shuleni."

"Chembe moja! Umenipandia nyumba kwa chembe moja?"

"Moja ni nyingi, baba."

Akanieleza. Huko juu mna mawe yanazunguka jua kama dunia inavyozunguka, mengine makubwa kuliko milima. Yanagongana, yanasagika. Zipo pia nyota zenye mkia, na ule mkia ni vumbi linalomwagika njiani. Dunia inapita humo inalizoa, usiku na mchana, haijawahi kupumzika tangu iwepo. Nikamuuliza swali ambalo mpulizia salfa yeyote angeuliza: ni kiasi gani?

"Dunia nzima? Maelfu ya tani kila mwaka. Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Wengine wanasema kama elfu tano zinafika chini, wengine wanataja nyingi zaidi."

Nikaona malori ya korosho yaliyopanga foleni ghalani wakati wa msimu, msururu mpaka nje ya mji, yote yamejaa, na badala ya korosho ni vumbi, na yanamwaga kila mwaka, tangu mama yangu azikwe, tangu bibi yake azaliwe. Jambo likakaa mahali pake kichwani mwangu.

"Basi ndilo lililomfukia mama," nikasema.

Akaacha sumaku. Nikamsimulia yote: ombi la shangazi yake, jembe, vilima, majivu. Nilimsimulia kama mtu aliyeshapata jibu. Nasema ukweli, nililipenda jibu hilo. Watu wakiuliza kwa nini kaburi limepotea, unasema ni mbingu, na mbingu haina wa kuiuliza.

Binti yangu akachukua simu yake akawa anapiga hesabu.

"Uwanja wa bibi ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kama huu wangu."

Akaendelea kubonyeza. Kisha akaingia jikoni, akatoka na chumvi kwenye ncha za vidole viwili, akaiweka kiganjani kwangu.

"Uwanja mzima, baba. Tangu bibi azikwe mpaka leo. Lililoshuka kutoka juu likikusanywa lote, labda linafika hapo. Labda halifiki."

Niliitazama ile chumvi. Haitoshi mchicha wa mtu mmoja.

"Na yale maelfu ya tani?"

"Dunia ni kubwa. Mfuko wako mmoja wa salfa ukiupuliza Ruangwa yote, mti mmoja utapata nini?"

Hapo alinikamata kwa silaha yangu mwenyewe. Mfuko mmoja kwa wilaya nzima! Hata nzi hapigi chafya. Nikaitupa chumvi kwa kuku, lakini sikuwa nimemaliza.

"Kama siyo hilo, nani aliyemfukia?"

"Majani yanayodondoka. Mchwa wanaopandisha udongo. Maji ya mvua yanayotoa udongo huku na kuupeleka kule. Na hapakuwa na mtu wa kufagia."

Alilisema hilo la mwisho bila kunitazama, na bila kulipaka asali. Ni maneno ambayo ningeyasema mimi.

Akaketi akawa anawaza, anazungusha ile sumaku mkononi. Halafu akauliza jambo lililonishangaza kwa udogo wake.

"Wanawake wa kule walipofagia uwanja, takataka walikuwa wanapeleka wapi?"

"Wanapeleka wapi! Pembeni, kama kila mahali. Mpaka kwenye majani."

"Kila asubuhi?"

"Mwanamke asiyefagia asubuhi alisemwa mpaka kisimani."

"Basi uwanja wa nyumba ile haujapanda, baba. Kila siku ulikuwa unapunguzwa kidogo kwa ufagio, na pembeni panaongezwa. Katikati pameshuka, pembeni pameinuka. Wewe ulichimba wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kulijua jibu.

"Palipoinuka," nikasema.

"Majivu, vigae, konokono." Alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Baba, umechimba jalala la bibi!"

"Cheka tu."

"Umekwenda mpaka kule na jembe ukarudisha takataka zote alizotoa!"

"Nimesema cheka, sijasema ukeshe."

Lakini nilikuwa nimekumbuka kitu. Kati ya vile vilima palikuwa na mahali pagumu, majani yake mafupi na membamba, jembe nilipolitua pale liliruka kama limegonga saruji. Nilipapita kwa hasira. Kumbe ni uwanja. Nimesimama kwenye uwanja wa mama yangu nikautukana kwa ugumu wake.

Tulikwenda wawili. Dereva wa bodaboda alituuliza kama tunatafuta dhahabu, maana huku mtu akiingia porini na jembe hana habari nyingine. Binti yangu akamwambia tunatafuta jembe. Akatazama lile nililobeba, akatutakia safari njema.

Safari hii sikuchimba. Nilifyeka. Tulipomaliza kufyeka, uwanja ukajitokeza wenyewe kama sinia: katikati pameshuka kidogo na pagumu, ukingo umeinuka kuzunguka. Ukiwa ndani ya majani huwezi kuuona. Ukishafyeka, hata mtoto anauona. Upande mmoja ukingoni tukapata mafiga yamelala, yamepasuka kwa moto wa zamani, meusi upande wa ndani. Jiko. Nikasimama kwenye mafiga, nikatazama jua linakoshukia, nikanyoosha mkono.

"Kule."

Kule palikuwa na majani makavu yaliyolaliana na udongo laini ulioteremka kutoka juu kidogo. Hapakuwa na tuta wala mche. Binti yangu akaifunga sumaku kwenye kamba, akaivuta taratibu juu ya udongo, kwenda na kurudi, kama anayepiga pasi shuka kubwa. Kila mara akiigeuza, ni yale manyoya meusi tu.

"Hiyo ni ya mbinguni?" nikamchokoza.

"Hiyo ni ya ardhini. Ardhi ya huku ina chuma chake."

"Na chembe yangu moja imo humo?"

"Imo, lakini leo siitafuti hiyo."

Jua lilikuwa kali, na sikuwa na imani. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutunga nitakavyomwambia dada. Ndipo akaigeuza sumaku akaisogeza karibu na macho. Katikati ya manyoya palikuwa na kipande bapa kama gamba la samaki, kahawia juu, cheusi ndani. Hakuwa na haja ya kunieleza. Kutu ya chuma kilichofuliwa naijua. Nimezeeka na majembe. Akaivuta tena pale pale, magamba matatu. Akaivuta hatua chache pembeni, hakuna. Akarudi, yapo.

Nikapiga magoti nikachambua udongo kwa mikono. Chini ya majani, kina cha kiganja, hakikuzidi hapo, vidole viligusa chuma. Kilikuwa kimeliwa, kimebaki mkia wake na mabega, kimepinda upande, kama walivyokipiga jiwe siku ile. Mimi nilichimba majivu mpaka kiunoni, na mama alikuwa amefunikwa kwa kina cha kiganja.

Hatukulitoa. Binti yangu alirudi nyuma akasimama na viatu mkononi. Nilisoma dua niliyoijua, nikapangusa mikono. Kisha tukakata njia kutoka pale hadi bodaboda inapofika, pana ya kutosha kupitisha kiti.

Kiti kilikuwa cha dada. Nilikwenda kumchukua Mbekenyera mwenyewe. Nilipomwambia tumepata, hakuniamini.

"Juzi ulisema nchi imefukiwa."

"Juzi nilikuwa sijafagia."

"Usinichukue ukanionyesha kipande cha bomba. Mimi sioni lakini si mjinga."

Alipanda bodaboda kwa kulalamika, amekaa kati ya dereva na mwanawe, kisha vijana wa jirani wakambeba kwenye kiti njia yote huku akiwakosoa hatua zao. Tulipofika uwanjani akaomba atuliwe. Akavua kandambili, akakanyaga ile ardhi ngumu kwa nyayo.

"Huu ni uwanja wetu," akasema. "Jiko liko kushoto kwangu."

Kweli lilikuwa kushoto kwake, na hakuna aliyemwambia. Tukamsogeza nyuma ya mafiga, nikaushika mkono wake nikauweka kwenye chuma. Akakipapasa kama anavyopapasa kunde. Alianza na mkia, akaja bega moja, akaja bega la pili. Akarudia. Nilikuwa naogopa, na kuogopa si desturi yangu. Afadhali ningejenga nyumba nyingine kuliko kusikia mwanamke yule akisema siyo.

"Hili limelika upande huu," akasema. "Huu mwingine mzima."

"Kutu, dada."

"Kutu gani! Hili lililika akiwa hai. Mama alikuwa wa mkono wa kushoto. Alilima kinyume na wenzake, wakimcheka. Jembe lake lililika upande usio wa watu." Akaupiga udongo kwa kiganja mara mbili, kama unavyopiga mgongo wa mtu. "Ni yeye."

Mimi nilikuwa sijui kwamba mama yangu alitumia mkono wa kushoto. Umri huu wote sikuwahi kujua hata jambo moja la mwili wake. Binti yangu aliutazama mkono wake wa kushoto, ule anaoandikia ubaoni, ule niliomchapa akiwa mdogo ili auache.

Dada akauliza nafasi iliyobaki ni upande gani. Nikamwonyesha kwa kumgeuza uso: mkono wa kulia wa mama, mpaka kwenye mti mchanga. Akaipapasa nayo, akatoa kijiwe akakitupa, kama anayekagua kitanda cha wageni.

"Panatosha," akasema. "Mti huo mkate, mizizi itanisumbua. Na pafagiwe. Si mkishanizika, kuanzia sasa."

"Patafagiwa."

"Na nyinyi nyote mnisikilize. Pamepatikana, sawa. Sasa msianze kunitazama tazama. Kwa kuwa mmepaona, isiwe ndiyo mnaniharakisha."

Vijana walicheka, naye akawaamuru wamnyanyue, kwa kuwa kunde zake zimeachwa juani.

Baada ya shule kufunguliwa, binti yangu alinitumia picha kwenye simu. Ni chembe ile kutoka kwenye gata langu, ameikuza kwa hadubini. Mviringo, nyeusi, inang'aa, ina mistari myembamba kama kamba iliyovingirishwa kwenye mpira wa makaratasi. Nilimwuliza ana hakika gani. Akasema yeye anaamini, ila kuna wenye vyombo vikubwa zaidi watakaothibitisha, amewaandikia. Nikaipenda hiyo. Mwalimu wa siku hizi anayekubali kwamba hajathibitisha, huyo nimemsomesha vizuri. Picha nimeihifadhi. Ni kitu pekee katika nyumba hii ambacho sikukitolea jasho.

Sasa nakwenda kufagia kule, kabla ya kupulizia na baada ya kuvuna, na katikati nikipata mtu wa kunipeleka. Nafagia kwa ufagio wa mwituni, nazipeleka takataka pembeni, palipoinuka, juu ya zile alizopeleka mama. Mashimo yangu nimeyafukia. Kila nikifika nakuta majani mapya, udongo wa mchwa, mchanga ulioteremshwa na maji. Hivyo vyote ni vya kufagia. Lile lingine linashuka pale pale, nami najua kiasi chake, na halimzibi mtu.

Dada yupo. Anazidi kutoona na anazidi kusema. Kila nikipita Mbekenyera ananiuliza kabla hata sijamsalimia:

"Umefagia?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefagia?"

"Nimefagia."

"Mti umekata?"

"Nimekata."

"Basi kaa chini unywe chai," ananiambia, na kuita mtu ailete, maana yeye, anasema, kupika amekwisha kuacha.